Mnasihi wa Dar Alifundwa na UKIMWI

Ukitaka kujua washauri nasaha wa Dar es Salaam walijifunzia wapi kazi yao, usianzie hospitali za akili. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904 chini ya wamisionari wa Kijerumani. Mirembe ya Dodoma ikafuata mwaka 1927. Zote ziko mbali na Dar, na zilijengwa ili kulaza watu. Kuketi na mtu na kumsikiliza hakukuwa kazi yao kubwa.

Kazi hiyo ililetwa uswahilini na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na muongo haukuisha kabla Dar nayo haijaanza kuzika. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alianzisha shirika la WAMATA ili wagonjwa na familia zao wapate pa kusemea. Mwaka 1992 watu wachache wenye virusi walianza kukutana kupeana moyo. Hapo ndipo ilipozaliwa PASADA, shirika la Jimbo Kuu Katoliki lililopo Chang'ombe, Temeke.

Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa za wenye fedha zao. Mnasihi alikuwa na viti viwili, mlango unaofungika na ulimi wake, basi. Ilimbidi ajifunze kunyamaza, jambo gumu kwetu, maana mtu mzima akielezwa shida hukimbilia "pole, ndiyo dunia, mwachie Mungu". Ilimbidi amwache mama alie mpaka amalize, ndipo amuulize: nyumbani utaanza kumwambia nani? Watoto watabaki na nani? Maswali hayo hayakuwa na majibu ya haraka, na mteja alirudi tena na tena.

Mwaka 2001 shirika la afya la AMREF, kwa fedha za Wamarekani, lilifungua vituo vya Angaza vya kupima virusi, na ufundi huo ukapata mpangilio: ushauri kabla ya kupima, tone la damu kidoleni, kusubiri, ushauri baada ya majibu. Wengi wanaojiita wanasihi leo walipitia mlango huo, kwa mafunzo ya wiki chache badala ya miaka ya darasani.

Halafu mwaka 2004 serikali ikaanza kugawa dawa bure. Watu wakaacha kufa ovyo, na hakuna atakayeilalamikia neema hiyo. Lakini mazungumzo yalisinyaa. Kwenye foleni ndefu ya kliniki, ushauri ukageuka kuwa maswali ya ufuasi: umekunywa? Umeruka siku ngapi? Vimebaki vidonge vingapi? Aliyefiwa na mume alijibu kuhusu vidonge, akaenda zake.

Waliolitazama pengo hilo kwa makini walikuwa watafiti wa chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walipima kwa Kiswahili orodha ya Hopkins, yenye vipengele 25 vya wasiwasi na sonona, kwa wajawazito wenye virusi jijini. Kisha wakaunda vikundi vya wiki 6 vilivyoongozwa na wauguzi wakunga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kati ya wanawake waliopata vikundi, asilimia 60 bado walikuwa na sonona, dhidi ya 73 kwa wasiovipata. Nafuu ndogo, na kitakwimu haikuthibitika. Mimi naona inaeleza mengi: wiki 6 ni chache kwa mzigo wa namna ile.

Wakati huohuo mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza hospitali ya Muhimbili Februari 2011, ikafika hospitali ya Mwananyamala, Kinondoni, na baadaye Temeke. Kwa kawaida mraibu huja kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mtoa dawa anayehakikisha imemezwa. Dozi humalizika kwa dakika moja. Unasihi ni sehemu ya tiba hiyo pia, na kwa kuwa mteja atarudi kesho na keshokutwa, mnasihi wa Mwananyamala ana kitu ambacho mwenzake wa kliniki ya vidonge, anayemwona mtu mara moja kwa mwezi au miezi kadhaa, hana: muda.