Aina na Thamani Isiyotajwa: Historia Fupi ya Fankisheni za Kompyuta

Kikuyu ni sehemu ya mji wa Dodoma palipokuwa na Shule ya Sekondari ya Mazengo, na ambapo tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu cha St. John's. Nchi ya Ugogo inayouzunguka mji huo hulimwa zabibu. Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa hapo ataka kuandika programu ya malipo ya mkulima: kilo za zabibu zizidishwe kwa bei. Sehemu ya programu ifanyayo kazi moja ya namna hiyo huitwa fankisheni, na kila kitu inachopokea huitwa parameta. Maswali mawili humkabili mwandishi wake. Parameta hii ni ya aina gani? Na isipotajwa, ichukuliwe thamani ipi?

Lugha ya Fortran, iliyotolewa mwaka 1957 na kampuni ya IBM chini ya uongozi wa John Backus, ililijibu swali la kwanza kwa herufi. Jina lililoanza kwa herufi yoyote tangu I hadi N lilihesabiwa kuwa la namba kamili. Mengine yote yalikuwa ya namba zenye desimali. Kanuni hiyo ilipunguza maandishi, lakini kwa majina ya Kiswahili ingekuwa mtego. BEI ingehifadhi senti zake. KILO, kwa kuwa yaanza na K, ingepoteza desimali. Mzigo wa kilo 12.7 ungewekwa kuwa 12, na mkulima angepunjwa pasipo mwizi. Algol ya mwaka 1960 ilitaka majina yatangaziwe aina zake, na hatimaye Fortran 90 ikakubali rasmi agizo la kuikataa kanuni ile ya herufi.

Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ilishika njia nyingine: aina hufuata thamani yenyewe, wala si jina. Uhuru huo ulipendwa. Lakini programu zilipokuwa ndefu, msomaji alitatizika kujua fankisheni yataka kupewa nini. Toleo la 3.0 la Desemba 2008 liliruhusu maelezo yaandikwe kando ya parameta, na toleo la 3.5 la mwaka 2015 likayawekea utaratibu wa kutaja aina. Hata hivyo Python yenyewe haiyakagui programu inapoendeshwa. Kazi hiyo huachiwa vyombo vingine, kama mypy iliyoanzishwa na Jukka Lehtosalo.

Swali la pili lina hatari yake. Thamani ya kutumika parameta isipotajwa hutengenezwa na Python mara moja tu, fankisheni inapofafanuliwa, si kila inapoitwa. Bei ikiwekewa namba, hapana madhara. Lakini mizigo ikiwekewa orodha tupu, orodha hiyo ni moja kwa wakulima wote, na mkulima wa pili hukuta mizigo ya wa kwanza imo katika hesabu yake. Tangazo la aina halizuii kosa hili, maana orodha ile ni orodha kweli. Dawa ni kuweka alama ya kuwa hapana kitu, kisha kutengeneza orodha mpya ndani ya fankisheni.

Kwa hiyo mambo haya mawili hayashiki nafasi moja. Tangazo la aina hueleza kitu kinachotakiwa. Thamani ya msingi hueleza maana ya kunyamaza. Aliyelitimiza la kwanza akalipuuza la pili ameikomboa desimali ya mkulima, na bado amempa mzigo wa jirani yake.