Mchuzi wa Zabibu

Dodoma mtu akikuambia anauza mchuzi, usimwulize kama ni wa nyama au wa samaki. Ni zabibu iliyopondwa ikachachuka, inapimwa kwa lita na kuuzwa kwa kiwanda ambacho kitaichuja, kuitia kwenye chupa na kubandika jina lake. Nimezaliwa mji huu, nimekua nikila zabibu za stendi, zile zinazokimbizwa dirishani mwa basi zikiwa kwenye mifuko, lakini neno hilo nililisikia nikiwa mtu mzima.

Septemba iliyopita nilikwenda Mpunguzi, barabara ya Iringa, kwa mzee mmoja aliyesoma na baba yangu. Ana ekari mbili za mizabibu, mke, wajukuu watatu, mbuzi kumi na kitu, na chumba chenye dirisha dogo wanamotengenezea mvinyo. "Mbukwenyi," nilisema mlangoni, kwa Kigogo changu cha mjini. Bibi alicheka sana, akanijibu kwa Kiswahili.

Zabibu ni mgeni huku, na hata jina lake lilitangulia mti. Waarabu tuliowaazima neno hilo hulitumia kwa tunda lililokwisha kukaushwa. Bichi wao huliita inabu. Inaelekea basi watu wa pwani walilijua tunda likiwa kavu, limeshuka na majahazi, zamani kabla ya mtu yeyote kuupanda mti wenyewe. Mvinyo nao tumeupata kwa Wareno. Kuja kwa mizabibu Ugogo ni habari nyingine, na hiyo ni habari ya altare. Mwaka 1935 Roma iliitenga Dodoma kuwa eneo la kimisheni na kuwakabidhi mapadre Wapasionisti wa Italia. Padre hawezi kusoma misa bila mvinyo wa zabibu. Kanisa halikubali togwa wala juisi ya ukwaju. Hapa kuna jua, udongo wa kichanga, na mvua ya msimu mmoja tu, basi Waitaliano wale wakaona nchi inayofanana na kwao kusini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mizabibu ilikuwa imeshika misheni ya Bihawana, si mbali na pale nilipokuwa nimekaa.

"Baba yangu alivibeba kutoka misheni," mzee alisema, "vijiti ishirini ndani ya gunia bichi. Majirani wakamwuliza, kuni nyembamba hivyo za nini?"

Baadaye zabibu ikawa zao la Dodoma kama kahawa ilivyo ya Kilimanjaro. Serikali ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, na mbegu nyekundu inayopendwa zaidi na wakulima ikabeba jina la mahali hapo. Kampuni ya DOWICO ikatia mvinyo wa Dodoma kwenye chupa. Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie huku, mji ulikuwa tayari una zabibu zake za kumpa mgeni mezani.

Kisha soko likaanguka. Mzee hakumbuki mwaka, anakumbuka ilikuwa miaka ya tisini, na kwamba gari la mnunuzi halikuja. Mtama ungewekwa ghalani, lakini zabibu iliyoiva inakungoja siku chache tu. Waliimwaga chini ya mbuyu mpaka nyuki wakahamia pale. Wenzake wengi waling'oa mizabibu wakapanda alizeti, na yeye alikwisha kunoa panga. Aliyemzuia ni bibi, ambaye tangu usichana wake alikuwa akipika wanzuki.

"Nilimwambia, asali tunachachua kila mwaka," bibi alisema. "Zabibu itatushinda nini?"

Nadhani habari nzima ya mvinyo wa nyumbani Dodoma imo katika swali hilo. Wanaokuja kutembelea mashamba haya husifu mchanga na jua, na wana haki, ila mimi naona jua lilikuwapo siku zote. Kilichowatia watu hawa kwenye utengenezaji ni gari lisilokuja.

Kilimo chao ni cha kubana matumizi, na mtu wa mjini angekiita kilimo hai. Samadi hutoka zizini. Kati ya mistari wamepanda kunde na karanga. Baada ya kupogoa, mbuzi hula majani, matawi membamba huenda jikoni, na mazuri hutunzwa kuwa miche. Mzabibu huku haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo kalenda yake ni mkasi: ukiukata, baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Mavuno ya masika ndiyo yanayokula pesa, kwa sababu unyevu huleta ubwiri na ubwiri hudai dawa. Mzee kwa hiyo hupogoa robo tu ya shamba kwa ajili ya mvua. Kiangazi hupogoa lote, na wajukuu hubeba maji ya kisima kwa ndoo.

Chumbani kulikuwa na mapipa matano ya plastiki, ya bluu, yamefunikwa vitambaa vya kanga. Bibi ana kipimo cha kioo cha kupimia sukari, alichopewa kwenye mafunzo, lakini kwanza aliinama akaweka sikio ubavuni mwa pipa. Akaniita nami. Ndani kulikuwa na sauti kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. La nne lilikuwa kimya. "Hili limeshiba," alisema.

Mwisho wa shamba, kwenye mstari wa mwisho wa mizabibu, mzee alinionyesha bikoni ya saruji. Tangu serikali ihamie kweli, wapima ardhi wamefika mpaka huku, na jirani yake ameshauza viwanja sita. Aliigusa kwa kidole cha mguu, kama mtu anayejaribu kama jiwe limekaa imara.

Nilipewa mvinyo kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, pamoja na onyo kwamba nisikaze kizibo. Kwenye daladala niliibana katikati ya magoti, nikaipunguzia pumzi kila baada ya tuta. Mama aliyekaa karibu nami alinusa, akaniangalia. "Wa Mpunguzi?" akauliza. Nikamwitikia. Akatoa kikombe cha bati kutoka kwenye kikapu chake.