Dole Gumba Moja, Kazi Tatu

Bunduki ya gumegume ilimlazimisha mtu kuwa na subira. Ukishafyatua mara moja, umimine baruti, ushindilie risasi, utie baruti nyingine kidogo kwenye kisahani, ndipo upandishe mtambo tena. Kama adui yako ana mkuki na miguu mizima, amekwisha kukufikia.

Mafundi walihangaika na tatizo hilo kwa miaka mingi. Wengine waliongeza mitutu: minne, mitano, sita, yote imefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na bastola ikawa nzito upande wa mbele. Mmarekani Elisha Collier alikuwa na akili zaidi. Mwaka 1818 alisajili London bastola ya gumegume yenye mtutu mmoja, na nyuma ya mtutu huo akaweka silinda yenye vyumba kadhaa vya risasi. Kwa hiyo wanaosema Samuel Colt ndiye aliyebuni silinda inayozunguka wanampa sifa isiyo yake. Yake ni nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi.

Colt alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1814. Mwaka 1830 alipanda jahazi la Corvo lililokuwa likienda Kalkuta, na humo safarini akachonga kielelezo cha bastola kwa mti. Baadaye alipenda kusimulia kwamba wazo lilimjia akitazama mitambo ya chombo ikizunguka na kukomewa. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya mfanyabiashara. Colt alikuwa hodari wa yote mawili. Hati yake ya kulinda ubunifu huo aliipata Uingereza 1835, na ya Marekani tarehe 25 Februari 1836.

Kilichokuwemo ndani ya bastola yake ni hiki. Unapovuta nyundo nyuma kwa dole gumba, kwenye shina la nyundo kuna kidole cha chuma kinachopanda nayo. Kidole hicho kinasukuma jino moja lililochongwa nyuma ya silinda, na silinda inageuka hatua moja tu. Papo hapo komeo dogo linaruka kutoka chini na kutumbukia kwenye kishimo kilicho ubavuni mwa silinda, ili chumba kikae sawasawa na mtutu. Mwishoni nyundo inanaswa na ncha ya kifyatulio, huku kamani imekazwa. Hapo ukigusa kifyatulio, nyundo inaangukia fataki inayowasha baruti. Dole gumba limefanya kazi tatu kwa mwendo mmoja: kupandisha, kuzungusha, kukomea. Kwenye Colt ya mwaka 1873 kazi hiyo unaisikia kwa masikio, maana nyundo inalia mara nne kabla haijanaswa.

Lile komeo ndilo roho ya mtambo. Silinda ikisimama kando kidogo, risasi inagonga ukingo wa mtutu, na madhara yake yanamrudia aliyeishika.

Biashara haikumnyookea. Kiwanda chake cha Paterson, New Jersey, kilifungwa 1842. Kilichomwokoa ni vita vya Marekani na Mexico. Kapteni Samuel Walker alimsaidia kuunda bastola mpya ya risasi sita, yenye uzito wa kilo mbili hivi, na serikali ikaagiza 1,000 mwaka 1847. Colt hakuwa tena na kiwanda, ikabidi zitengenezwe kwa Eli Whitney mdogo. Walker mwenyewe aliuawa vitani mwaka huohuo.

Waingereza wakaja na njia yao. Robert Adams, mwaka 1851, aliondoa kazi ya dole gumba: ukivuta kifyatulio, chenyewe kinapandisha nyundo, kinazungusha silinda, kisha kinaiachia nyundo. Inafyatua haraka, lakini kidole kinachoka na shabaha inayumba. Mwaka 1856 Mwingereza mwenzake, Beaumont, aliziunganisha njia zote mbili katika bastola moja, na mpango huo ndio uliodumu.

Kisa cha Rollin White kinanisikitisha. Mwaka 1855 alipata hati ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma, ili risasi yenye ganda la shaba itiwe kwa nyuma. Smith & Wesson walimlipa senti 25 kwa kila bastola, kwa sharti kwamba kesi zote za kuilinda hati azibebe yeye. Wao walitajirika, yeye fedha nyingi zikaishia kwa mawakili hadi hati ilipokwisha 1869.

Dosari moja ilibaki. Kati ya silinda na mtutu lazima uwepo upenyo mwembamba, la sivyo silinda haigeuki, na hapo moto wa baruti hutoka ubavuni kiasi cha kuunguza vidole vilivyosogea karibu. Nagant ya 1895, iliyotumiwa na jeshi la Urusi, iliuziba kwa kuisukuma silinda mbele kabla ya kufyatua. Gharama yake ikawa kifyatulio kigumu mno kuvuta. Watengenezaji wengi hawakuufuata mpango huo, na bastola za silinda zinazouzwa leo karibu zote bado zina upenyo uleule wa Colt.