Usinge si kituo cha kupita tu

Ukiwauliza watu wa Dar es Salaam Usinge ni wapi, wengi watakujibu kuwa ni kile kituo cha treni kati ya Kaliua na Nguruka. Hawakukosea. Lakini wiki hii naomba tushuke hapo, maana nchi ile ya magharibi ya Tabora inajulikana zaidi kwa waliopita kuliko kwa kilichomo.

Na waliopita ni wengi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, yaani Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke waliingia Tabora Novemba 1857, na mapema mwaka 1858 wakauvuka Mto Malagarasi. Wao wameandikwa kurasa nyingi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo yenyewe wameambulia mistari michache. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia hiyo, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikambidi azunguke kusini. Wengi huviita vita vya pembe za ndovu. Mimi naona vilikuwa zaidi vita vya hongo, na hongo siku hizo ilikuwa ushuru halali wa njia. Nani aupokee: mwenye nchi, au tajiri wa Tabora?

Tena njia hizo hazikuanza na pembe. Chumvi ya Uvinza, hapo jirani, ilichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na watu waliifuata kutoka mbali kabla mtu wa pwani hajafika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baadaye Waingereza wakaleta mradi wa karanga Urambo, ukafa mwaka 1951. Tumbaku ikashika nafasi yake.

Sasa tuje kwenye mali ya Usinge na Kaliua. Upo mninga, upo samaki wa Ziwa Sagara, na yapo mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi ambayo mwaka 2000 yaliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ya kwanza nchini. Lakini mali ninayotaka kuisemea ni asali. Miombo inapochanua nyuki hujaa, wakubwa na wadogo, na wenyeji hawachanganyi asali ya hawa na ya wale. Nimepata kuinunua dirishani mwa treni, ndani ya chupa iliyokuwa ya pombe kali, na harufu ya pombe bado imo! Asali nzuri kama ile, halafu chombo ndicho hicho.

Matatizo yake ni ya miti. Mzinga wa magome huua mti uliobanduliwa, hilo tulikubali. Lakini bani la kukaushia tumbaku hula kuni msimu mzima, kila mwaka, na kuni hizo ndiyo miombo hiyo hiyo inayomlisha nyuki. Kwa upande mwingine, Pori la Akiba la Ugalla, ambako warina asali na wavuvi waliruhusiwa kuingia kwa msimu, mwaka 2019 lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na sheria ya hifadhi ya taifa haina ruhusa hiyo. Msitu umelindwa, sawa. Ila mtu aliyekuwa na sababu ya kuulinda bila mshahara ametolewa nje, na huko nje anakutana na shoka la mwenye bani.

Msimlaumu mkulima haraka. Tumbaku ina chama cha msingi, ina mbolea ya mkopo, ina mnunuzi anayejulikana kabla mbegu haijamwagwa kitaluni. Mwenye watoto wa kusomesha atachagua lipi? Mrina asali wa Usinge yeye anasimama na madumu yake kandokando ya reli, akingoja treni au lori, na bei anaitaja yule anayeshuka.