Knocked Up

Knocked Up ni filamu ya vichekesho vya mapenzi kutoka nchini Marekani iliyotolewa tarehe 1 Juni 2007. Iliandikwa na kuongozwa na Judd Apatow, na kusambazwa na kampuni ya Universal Pictures. Nyota wake ni Seth Rogen na Katherine Heigl. Jina la filamu ni msemo wa mitaani wa Kiingereza unaomaanisha kupata mimba, hasa mimba isiyotarajiwa. Filamu ina urefu wa dakika 129. Kwa sababu ya matusi, ngono na matumizi ya dawa za kulevya, ilipewa daraja la R, yaani mtu mwenye umri chini ya miaka 17 haruhusiwi kuitazama katika jumba la sinema la Marekani bila mzazi au mlezi.

Hadithi

Alison Scott ni mfanyakazi wa televisheni mjini Los Angeles. Siku anapopandishwa cheo anakwenda klabu ya usiku na dada yake Debbie kusherehekea, na huko anakutana na Ben Stone. Ben ni kijana kutoka Kanada asiye na kazi. Anaishi kwa fedha za fidia ya ajali, anavuta bangi na wenzake, na pamoja wanapanga kufungua tovuti inayoonyesha ni wapi katika filamu waigizaji wa kike wameonekana uchi. Wawili hao wakiwa wamelewa wanalala pamoja, na kwa kutoelewana kuhusu kondomu hawatumii kinga. Asubuhi Alison anaona hawana lolote linalowaunganisha, wanaachana.

Wiki nane baadaye anagundua kwamba ni mjamzito. Anaamua kuzaa, na wote wawili wanajaribu kujenga uhusiano. Mbele yao wapo Debbie na mumewe Pete, wenye watoto wawili na ndoa iliyojaa manung'uniko. Ben na Alison wanagombana na kutengana. Ndipo Ben anapotafuta kazi, anapanga nyumba na kusoma vitabu vya uzazi alivyokuwa amevipuuza. Uchungu unapoanza, daktari wao hayupo, naye Ben ndiye anayeitwa. Mtoto wa kike anazaliwa.

Washiriki

* Seth Rogen – Ben Stone
* Katherine Heigl – Alison Scott
* Paul Rudd – Pete
* Leslie Mann – Debbie
* Jason Segel, Jay Baruchel, Jonah Hill na Martin Starr – marafiki wa Ben
* Harold Ramis – baba yake Ben

Leslie Mann ni mke wa Apatow, na watoto wa Debbie katika filamu waliigizwa na mabinti zao, Maude na Iris Apatow. Apatow huwaruhusu waigizaji kubuni maneno papo hapo wakati wa kupiga picha, na mazungumzo mengi ya marafiki wa Ben yana sura hiyo.

Mapokezi

Filamu iligharimu takriban dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani kote. Wahakiki wengi waliisifu, na American Film Institute iliiweka kati ya filamu kumi bora za mwaka 2007.

Nguvu yake ni kwamba mzaha mchafu haukuwekwa kwa ajili ya kuchekesha tu. Tetemeko la ardhi linapotokea usiku, Ben anakimbilia kuokoa chombo chake cha kuvutia bangi kabla ya kumkumbuka mjamzito. Mtazamaji anacheka, lakini hapo hapo anaelewa kwa nini Alison hawezi kumtegemea. Vilevile ugomvi wa Pete na Debbie unaonyesha kwamba ndoa haimalizi matatizo, jambo ambalo filamu nyingi za aina hii hulikwepa kwa kuishia kwenye harusi.

Udhaifu wake umejadiliwa pia. Suala la kutoa mimba limeguswa kwa haraka mno, na baadhi ya watazamaji hawakuona sababu ya kutosha ya Alison kumpenda Ben. Heigl mwenyewe aliliambia jarida la Vanity Fair kwamba filamu ina ubaguzi wa kijinsia kidogo, kwa kuwa wanawake wameonyeshwa kama watu wakali wasio na ucheshi, huku wanaume wakionekana wa kupendeza licha ya uzembe wao. Kauli hiyo ilizua mjadala mrefu. Wanaoitetea filamu hujibu kwamba mwenye kupaswa kubadilika ni Ben, na kwamba starehe za wanaume hao zimeonyeshwa kuwa ni utoto.

Baada yake

Mwaka 2012 Apatow alitoa filamu ya This Is 40, inayoendeleza maisha ya Pete na Debbie. Rudd, Mann na mabinti wale wawili walirudi katika nafasi zao.