Hatia na Hatari: Mama katika Historia ya Usonji

Neno «otizimu» liliundwa na tabibu Mswisi Eugen Bleuler mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya «nafsi». Yeye alilitumia kwa wagonjwa wa skizofrenia. Hali ambayo leo Kiswahili huiita usonji ilielezwa mwaka 1943 na Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, alipochapisha habari za watoto 11. Kanner alisema mambo mawili: kwanza, kwamba watoto hao walionekana kuzaliwa na hali hiyo, pili, kwamba wengi wa wazazi wao hawakuwa na bashasha. Kwa bahati mbaya, ni neno la pili lililosikika zaidi.

Mwaka 1949 Kanner mwenyewe aliwafananisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa ndani ya jokofu. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya akili mjini Chicago, aliieneza fikra hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Hivyo mama akahukumiwa: ubaridi wa moyo wake ndio uliomfunga mtoto. Wapo akina mama waliopelekwa kutibiwa nafsi zao, na watoto waliotenganishwa nao.

Hukumu hiyo ilipingwa mapema. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alionyesha kwamba haina ushahidi. Mwaka 1969 Kanner alitamka mbele ya mkutano wa wazazi kwamba hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Urithi ukachukua nafasi ya malezi.

Hata hivyo, uchunguzi ulimrudia mama, safari hii kwa kupitia damu yake. Kabla ya insulini kuanza kutumika Toronto mwaka 1922, wanawake wachache sana wenye kisukari waliweza kuzaa salama. Tangu hapo waliozaa waliongezeka, na afya ya watoto wao ikaweza kufuatiliwa. Mwaka 2018 Anny Xiang na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 400,000 wa kusini mwa California. Ikilinganishwa na watoto wa mama wasio na kisukari, hatari ya usonji ilikuwa mara 2.36 pale mama alipokuwa na kisukari cha aina ya kwanza kabla ya mimba, mara 1.45 kwa aina ya pili. Na mara 1.30 kwa kisukari cha mimba kilichogunduliwa kabla ya kutimia wiki 26.

Takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi sababu; na watoto walio wengi wa mama wenye kisukari hawana usonji. Sukari ya damu hupimwa na kutibiwa, na kuidhibiti kabla ya mimba hupunguza kasoro za kuzaliwa na vifo vya watoto wachanga. Kwa hiyo elimu hii yaupa utabibu wajibu wa kumpima na kumtunza mama, wala haimpi yeyote ruhusa ya kumlaumu. Maneno «hatari» na «hatia» yanakaribiana kwa sauti. Akina mama wa miaka ya 1950 na 1960 waliumizwa na waliopewa elimu lakini wakashindwa kuyatenganisha.