Sketi fupi na heshima ya kujipamba

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi ni marufuku, kwa kuwa vinaharibu utamaduni wa taifa. Januari haikusubiriwa. Mwezi huohuo wa Oktoba makundi ya vijana wa kiume yaliivamia Kariakoo, Dar es Salaam, yakawashusha akina dada kwenye mabasi, yakawapiga na kuwachania nguo hadi polisi walipoingilia kati.

Ubishi ukahamia magazetini. Wapo waliosema binti anayejipamba amejisahau na kuabudu wazungu. Wengine, wanawake wakiwemo, wakauliza: mbona suti na tai za wanaume, navyo vya kutoka ng'ambo, haviguswi? Nami nauliza hivyohivyo. Aliyeandamwa zaidi alikuwa msichana wa mjini, karani au mpiga chapa, aliyejinunulia nguo kwa mshahara wake bila kumwomba baba wala mume. Kosa lake halikuwa majivuno. Alikuwa na fedha yake, na ilionekana.

Pwani hii inajua tangu zamani kwamba nguo hubeba hadhi ya mtu. Kule Unguja, watumwa walijisitiri kwa merikani na kaniki, nguo duni zisizo na pambo. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walijinunulia kanga za rangi, na wengi baadaye wakavaa buibui, vazi la waungwana waliokuwa wakiwatumikisha. Nani atathubutu kuwaita wale wenye maringo? Huku Dar es Salaam, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wapenzi wa ngoma ya beni waligawanyika makundi ya Marini na Arinoti, wakashindana kwa sare na vyeo kama walivyoshindana kwa ngoma.

Baada ya Operesheni zikaja suruali pana za bugaluu na viatu vya soli nene vya raizoni, nazo zikasakamwa. Ukaja uhaba wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba, "kafa Ulaya", ikamwagika mjini. Leo pale Tandika, Temeke, au Manzese, kijana huinama juu ya rundo tangu asubuhi, akapata shati zuri, akampelekea fundi cherehani alipunguze mbavuni, akalipiga pasi. Chumba anamorudi pengine ni cha kupanga na choo ni cha wapangaji wote. Kulikagua shati lake mara tatu kabla ya kutoka ni haki yake, na mimi namheshimu kwa hilo.

Krimu ni jambo jingine. Mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni unaidhuru ngozi, na zebaki hufika hadi kwenye figo. Hapa serikali inafanya sawa kuvipiga vita vipodozi hivyo, na dada zetu wa Kinondoni wanaoendelea kujichubua wanatuumiza moyo. Lakini orodha ya 1968 iliiweka krimu na sketi fungu moja, kana kwamba kuichoma ngozi yako na kuonyesha magoti ni dhambi ileile. Sketi haikumuumiza aliyeivaa. Waliomuumiza walikuwa wanamngoja kituo cha basi.